Ugonjwa Usio na Wazee

Hapa Nakivale kila jambo lina mzee wake. Sisemi mzee wa mvi, nasema mtu aliyetangulia kupita njia hiyo. Ukiitwa intavyu ya kwenda nchi ya tatu, kuna mama fulani Base Camp amehojiwa mara nyingi, atakwambia ubebe karatasi gani na ujibu namna gani. Jina likitoka kwenye orodha ya chakula, kuna baba anayejua uende dirisha lipi na siku ipi. Mwenye kisukari ana mwenzake wa kumuuliza, anayemeza ARV ana kikundi chake, hata mwenye mbuzi anayeharisha hakosi mtu wa kumgongea mlango. Ndivyo tunavyoishi huku, kwa kuulizana.

Mdogo wangu alipona saratani ya ubongo. Kwa hilo hatukuwa na mzee wa kumuuliza. Tulijua watu waliougua kichwa wakafa. Hatukumjua hata mmoja aliyepona, akakua, akatwambia: mimi baada ya miaka mitano niliona hiki, baada ya kumi nikaona kile.

Hilo lina sababu. Kwa miaka mingi Uganda nzima ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi ya saratani. Mwaka 2016 ikafa. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, lakini katika nchi maskini ni chini ya asilimia 30. Kwa hiyo wengi waliotutangulia hawakupata nafasi ya kuwa wazee. Wanaopona sasa ndio wanaofungua njia, na wanaifungua kwa kujikwaa.

Habari ya ugonjwa wenyewe nitaisema kwa kifupi. Tulifika hapa 2013 kutoka upande wa Uvira. Mwaka 2018 mdogo wangu alikuwa na miaka 8. Alianza kuamka na maumivu ya kichwa, anatapika asubuhi, halafu mchana anacheza kama kawaida. Akatibiwa malaria, akatibiwa minyoo. Halafu akaanza kutembea kama mlevi, miguu mbalimbali, akishika kuta. Mwishowe tukafika Kampala, picha ikaonyesha uvimbe nyuma ya kichwa, kwenye ile sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Jina lake ni meduloblastoma. Kwa watoto ndiyo saratani ya ubongo inayoonekana zaidi. Walimpasua, wakamchoma mionzi siku 30, wakampa na dawa za kemo. Mama alikaa naye Kampala karibu mwaka mzima, analala chini ya kitanda.

Aliporudi, blok nzima ilitoka. Kanisani walipiga ngoma mpaka usiku. Mama alitoa ushuhuda na toka siku hiyo alikuwa na sentensi moja ya kumjibu kila mtu: "Mutoto alishapona."

Na ni kweli, alipona. Picha za kila mwaka zilitoka safi. Ila kupona kulikuwa na mambo yake, na hayo hakuna aliyekuwa ametuambia.

Kwanza ni kimo. Watoto aliozaliwa nao wakarefuka, yeye akabaki pale pale. Nguo za miaka 10 alizivaa mpaka miaka 13. Halafu shule. Alikuwa mtoto mwepesi wa kushika, lakini sasa mwalimu akisoma imla yeye yuko sentensi ya pili wenzake wako ya tano. Alirudia P.4, akarudia P.5. Halafu mpira. Mimi nafanya kazi na vijana, Jumamosi nachezesha mechi pale uwanjani kwetu. Napiga filimbi, wote wanasimama, yeye anaendelea na mpira mpaka golini. Wenzake wanamtukana, wanasema ana kiburi. Halafu ukaja usingizi. Anatoka shule anaanguka kitandani na yunifomu, anaamka giza limeingia. Anasikia baridi saa saba mchana, jua la Isingiro unalijua lilivyo, yeye kavaa sweta.

Maneno yalikuwa mengi. Shuleni waliandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu na hajali. Jirani alisema ukoo wa baba haujamwachia, kichwa kilifunguliwa lakini kilichowekwa ndani hakikutolewa. Mwingine akashauri apelekwe kwenye nyumba ya maombi, afunge siku saba. Mtoto aliyepigwa mionzi ya kichwa, afunge siku saba! Mama alikataa kufunga, lakini pia alikataa hospitali. "Alishapona. Munatafuta nini tena?" Mwisho shule ikatuita, wakasema kama mwaka huu hapandi wanaona heri aende kujifunza kushona viatu, aachie nafasi wengine. Alikuwa na miaka 14.

Kilichogeuza mambo ni swali moja. Alipata kikohozi, nikampeleka kituo cha afya, tukakutana na klinikali ofisa kijana, mgeni pale. Aliona kovu nyuma ya shingo. Akauliza: "Huyu alichomwa mionzi? Sehemu gani, kiasi gani?" Nikamwambia alichomwa kichwa. "Na mgongo?" Sikujua. "Alipewa dawa gani za kemo?" Mama hakujua majina, alijua rangi. Akaomba daftari.

Ndugu msomaji, wewe wa kambi unajua daftari letu. Ukienda kutibiwa Uganda unanunua daftari la shule, kila daktari anaandika humo, na hilo ndilo faili lako. Daftari la mdogo wangu lilikuwa limeloa mvua ya mwaka 2020 iliyoezua paa letu. Kurasa zilishikana, wino wa buluu ukawa wingu. Miaka ya mtoto, yote wingu.

Ikabidi twende Kampala kutafuta karatasi. Kutoka Mbarara peke yake ni kama kilomita 270, na kabla ya Mbarara kuna boda boda na taksi. Tulikwenda mara mbili. Mara ya pili mama mmoja wa rekodi akalipata faili, daktari akatuandikia ukurasa mmoja. Nilisoma ukurasa ule ndani ya basi kama mtu anayesoma barua ya ukoo wake. Mionzi: ubongo wote na uti wote wa mgongo, grei 36; nyuma ya kichwa wakaongeza mpaka 54. Kemo: sisplatini na vinkristini. Mistari minne tu, lakini kila kitu kilichokuwa kinaitwa uvivu, kiburi na uchawi kilikuwa mle ndani.

Mimi si muganga, nimeishia sekondari. Nitaeleza kama nilivyoelezwa Mbarara na kama nilivyosoma baadaye.

Mionzi inaua saratani, lakini haichagui vizuri. Katikati ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya maharage, inaitwa pituitari. Ndiyo bosi wa tezi nyingine nyingi: inaamuru mwili urefuke, inaamuru balehe ianze, inaamuru tezi ya shingoni na zile za juu ya figo zifanye kazi. Mionzi ikiipita, inaweza kuchoka polepole, miaka kadhaa baadaye. Homoni ya kukua ndiyo huwa ya kwanza kupungua. Na mionzi ya uti wa mgongo inaingia kwa nyuma, inatokea mbele, na mbele ndipo iliko tezi ya shingoni, thairoidi. Kwa hiyo tezi hiyo inaumizwa mara mbili, na bosi wake naye ameumizwa. Thairoidi ikilegea, mtu anachoka, anasikia baridi, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, akili inakwenda polepole. Hata mifupa ya mgongo yenyewe ikichomwa mtoto akiwa mdogo, hairefuki kama inavyotakiwa.

Ubongo nao. Mtoto aliyechomwa mionzi ya kichwa kizima hapotezi lazima akili yake, lakini mwendo wa kufikiri unapungua, na kushika mambo mawili kwa pamoja kunamchosha. Alivyokuwa mdogo zaidi siku ya mionzi, ndivyo inavyomgusa zaidi. Mwalimu anaona mtoto hajui. Kumbe anajua, anachelewa kufika.

Na filimbi? Filimbi ni sisplatini. Dawa hiyo inaumiza masikio, na inaanza na sauti za juu: filimbi, ndege, herufi kama s na f. Anasikia watu wanaongea, kwa hiyo hakuna anayemdhania kiziwi. Ila maneno yanamfikia yametoboka toboka.

Vipimo vya damu vikaonyesha thairoidi iko chini sana. Kabla ya kumpa dawa, daktari alitaka kwanza apime homoni nyingine, kotiso, kwa sababu kama hiyo nayo imepungua na ukaanza na dawa ya thairoidi peke yake, unaweza kumwangusha mgonjwa. Ikaonekana ya kotiso iko sawa. Akaanzishwa levothairoksini, kidonge kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, uji baadaye. Ni kidonge cha maisha. Hakikumrefusha. Sindano za homoni ya kukua zipo, lakini bei yake si ya watu wanaokula kwa posho. Ila baada ya wiki chache sweta ilibaki kwenye msumari.

Sasa nifike kwenye lililo gumu.

Siku ya majibu, daktari alisema Kiingereza na mimi nikawa natafsiri kwa mama na kwa mdogo wangu. Nilitafsiri tezi, nilitafsiri masikio. Kisha daktari akaendelea. Akasema mtu aliyepitia mionzi hiyo anabeba hatari zinazoweza kuja mbele sana, akiwa na miaka 25, 30, 40. Mishipa ya damu ya kichwani inaweza kuharibika ikaleta kiharusi mapema kuliko kwa watu wengine. Jicho linaweza kuingia mtoto wa jicho. Kifafa kinaweza kuanza. Na mahali mionzi ilipopita panaweza kuota uvimbe mwingine, miaka 10, 20 au zaidi baadaye, kwenye tezi ya shingoni au kwenye utando wa ubongo. Ule wa utando unaitwa meninjioma, mara nyingi si saratani na unakua polepole, lakini unatakiwa kujulikana mapema. Kuzaa pia kunaweza kuwa na shida.

Nikamtafsiria mama kwa sauti ya chini. Mama akanishika mkono: "Hiyo usimuambie. Kitu ukikitaja unakiita."

Namwelewa mama. Alilala mwaka mzima chini ya kitanda. Alikuwa na ushuhuda, na sasa anaambiwa ushuhuda una kurasa nyingine. Na kweli, umri wa miaka 14 si wa kuambiwa kiharusi. Lakini mimi nakaa na vijana kila siku. Naona wanachofanya na mambo wanayofichwa: wanayajaza wenyewe. Mdogo wangu alikuwa tayari amejaza. Alikuwa anaamini yeye ni mpumbavu.

Tulipotoka, mama akaenda kutafuta chai. Mdogo wangu akaniuliza, "Yaya, mama amekwambia usiseme nini?" Masikio yake hayasikii filimbi, lakini macho yake yanasoma midomo kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Nikamwambia yote. Nikaanza na yaliyokwisha kutokea, kisha yanayoweza kutokea, na nikasisitiza neno "yanaweza". Alinyamaza kidogo. Halafu akaanza kuhesabu.

"Kwa hiyo ile filimbi ni dawa?"

"Ni dawa."

"Na kulala?"

"Ni tezi."

"Na hesabu?"

"Hesabu nusu ni mionzi. Nusu nyingine hukuipenda hata kabla hujaugua."

Akacheka. Kuhusu kiharusi na uvimbe hakuuliza siku hiyo. Aliuliza baada ya mwezi, usiku, na swali lake lilikuwa la kazi: "Nifanye nini ili kisije?" Nikampa nilichopewa na daktari. Presha ipimwe. Asivute sigara, asiguse waragi. Shingo ipapaswe kila mwaka, damu ya thairoidi ipimwe kila mwaka, na maumivu mapya ya kichwa yasiyoisha yasitibiwe kama malaria mpaka malaria ionekane kwenye kipimo. Mama alikasirika aliposikia kwamba nilisema. Siku kama tatu hakunipa neno. Siku hizi ule ukurasa wa Kampala ameutia kwenye plastiki na anaulaza pamoja na karatasi ya familia, na wewe unajua hapa kambini hakuna kitu kinacholindwa kuliko karatasi ya familia.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulioanza 1994, unawafuata maelfu ya watu waliopona saratani za utotoni. Kilichonigusa ni namna walivyoupanga: waliopona wanalinganishwa na kaka na dada zao. Matokeo yaliyochapishwa 2006 yalisema kwamba miaka 30 baada ya ugonjwa, karibu watu 3 kati ya 4 walikuwa na ugonjwa sugu angalau mmoja, na waliougua ubongo walikuwa kati ya wenye mzigo mkubwa zaidi. Nilipoisoma sikuogopa kama mama alivyoogopa. Nilisema kumbe kule mbele kuna watu. Wapo wenye miaka 50 waliopona wakiwa na miaka 8. Wazee wapo, ila hawako blok yetu.

Kwa hiyo naandika haya kwa watu wa aina mbili.

Wewe mwenye mtoto au ndugu aliyetibiwa ubongo, iwe Kampala, Mbale, Nairobi au Kigali: tafuta ukurasa mmoja. Usitegemee daftari. Uandikwe ugonjwa na mwaka, upasuaji, mionzi ilipita wapi na kiasi gani, majina ya dawa za kemo, dawa anazomeza sasa, na nini kipimwe lini. Piga picha kwa simu, nakala nyingine mpe mtu unayemwamini. Kama aliwekewa mpira wa kutoa maji kichwani kupeleka tumboni, hilo liandikwe juu kabisa. Mpira huo unaweza kuziba hata baada ya miaka mingi. Akiumwa kichwa, akatapika, akawa analala lala, hapo si pa kungoja asubuhi. Mwambie daktari neno la kwanza: ana mpira kichwani. Shuleni mwombe mwalimu amkalishe mbele, aandike ubaoni anachosoma. Mitihani ya UNEB inaruhusu muda wa ziada kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, lakini shule lazima iombe mapema. Mdogo wangu yuko P.6 sasa na shule yake imekubali kuomba. Habari ya viatu imekufa.

Ninyi ndugu wa mashirika: rufaa zenu zilimwokoa mtoto wetu, hatusahau. Lakini kwenye kompyuta zenu kesi yake imeandikwa "imefungwa". Kwa mtu aliyechomwa mionzi ya ubongo, kesi haifungwi, inapunguza mwendo tu. Hatuombi makubwa kila mwezi. Damu mara moja kwa mwaka, masikio, presha, na barua moja ya kumweleza mwalimu. Na familia ikiitwa kuhamishiwa nchi ya tatu, huo ukurasa usafiri nayo. Kule kuna kliniki za watu kama yeye, lakini hawawezi kumfuatilia kwa habari ya "alichomwa kichwa".

Juzi mama mmoja kutoka zoni ya Rubondo alifika kwetu na mtoto wa miaka 6, ametoka Kampala, kichwa bado hakijaota nywele. Nilitoka kumpokea nikijua amesikia ninavyozungumzia mambo haya kituoni. Akanisalimia vizuri, akaangalia nyuma yangu.

"Nimeambiwa kuna kijana hapa alitibiwa zamani. Ndiye namutaka."

Nikamwita mdogo wangu. Aliketi mbele ya yule mama, karibu, aone midomo yake. Sikukaa kuwasikiliza. Nilipopita na maji nilimsikia anaeleza habari ya kidonge: asubuhi, maji matupu, na uji usubiri.